Filimbi Wakati wa Kukamua

Ukungu ulikuwa bado umelalia malisho Inspekta Vénantie Mukundwa alipofika kwenye zizi la Papa Kanamugire, na jambo la kwanza aliloambiwa ni kunyamaza. Hakuambiwa kwa mdomo. Mama Thacienne, mke wa mwenye zizi, alikuwa amechutama chini ya ng'ombe mwekundu, chombo cha maziwa kati ya magoti yake, na bila kugeuka kumtazama mgeni aliinua kidole kimoja. Mukundwa akasimama pale pale mlangoni, viatu vikizama topeni, akangoja.

Adabu hiyo aliijua. Yeye mwenyewe alizaliwa Muheto, katika nyumba ya ng'ombe, na ingawa siku hizi alikuwa mtu wa polisi ya kulinda wanawake na watoto, mwenye bastola kiunoni na muhuri mkobani, hakuwa amesahau kwamba wakati wa kukamua watu hunong'ona. Ng'ombe akishtuka huyabana maziwa, na ukimshtua ng'ombe wa watu utatazamwa kwa jicho baya mpaka uondoke kilimani.

Ila asubuhi hiyo kungoja kulimwuma. Mchana kamati ya nidhamu ya Chuo Kikuu cha Ufugaji cha Karambiro, kile kilichojengwa juu ya barabara ukishaipita Mushaki, ingekaa kuamua kama msichana aitwaye Jeannette Umugwaneza ni mwongo. Wakisema ni mwongo, angefukuzwa. Baba yake alikuwa amekwisha kufika kumchukua, na tangu afike hakuwa amemsemesha binti yake.

Jeannette alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Jioni moja ya wiki iliyopita alibaki nyuma ya wenzake katika banda la mazoezi akiosha chupa za maziwa, na msichana aliyezoea kutembea naye alikuwa amelala na malaria. Akashika njia ya malishoni peke yake kwenda bwenini. Katikati ya njia mtu alimrushia koti la mvua kichwani kutoka nyuma na kumwangusha kwenye majani. Mtu huyo hakutamka neno hata moja, tangu mwanzo mpaka alipoondoka na koti lake. Madaktari wa hospitali ya Kirotshe walimpima msichana, wakampa dawa za kuzuia maradhi, na walichokiandika hakikuacha shaka yoyote kwamba alibakwa.

Ubishi wote ulikuwa juu ya filimbi.

Filimbi hiyo ilitoka kwenye mpango ulioitwa Turudi Wote, uliowafundisha wasichana wa chuo kujikinga. Walifundishwa kuitambua hatari ingali mbali, kutembea wawili wawili, kusema hapana kwa sauti ya kusikika, kupiga teke mahali panapouma, na mambo yote yakishindikana, kupuliza filimbi iliyoning'inia shingoni. Watu wote wa pale chuoni walikuwa wameambiwa kwamba filimbi ikilia wakimbie kwenda kusaidia. Jeannette alisema alipuliza mpaka pumzi ikamwishia na yule mtu akaikata kamba na kuichukua. Hakuja mtu. Hakuna aliyesema amesikia. Basi kamati ikapiga hesabu zake: kama hakuna aliyesikia, hakupuliza, na kama hakupuliza, labda alikuwa na mpenzi wake huko majanini na sasa anataka kulichafua jina la chuo.

Ajabu ni kwamba wakati huo huo kijana mmoja, Bayingana, mkamuaji wa Papa Kanamugire, alikuwa amefungwa kasho, mahabusu ya polisi, kwa kosa ambalo kamati ilisema halikutendeka. Vijana wa kijiji walimkuta na filimbi mfukoni, wakamchapa, wakamkokota mpaka polisi. Kilichommaliza ni maneno ya Asistanti Delphin Karangwa, mwalimu msaidizi wa chuo na msimamizi wa ule mpango. Delphin alieleza kwamba jioni hiyo yeye alikuwa kwenye zizi la Kanamugire toka mwanzo wa kukamua mpaka mwisho, akichukua maziwa ya kupima darasani, na kwamba hakumwona Bayingana. Papa Kanamugire aliapa kwamba Bayingana alikuwepo. Lakini neno la tajiri juu ya mtu wake halikuwa na uzito, na la mwenye diploma lilikuwa nao.

Mukundwa alikuwa amepita nyumba kwa nyumba, akiuliza kila mahali swali moja: je, ulisikia sauti ya mwanamke akiomba msaada? Wote walijibu hapana, tena wakimtazama machoni. Hilo ndilo lililomsumbua. Alikuwa amedanganywa na watu wengi katika kazi yake, na hawa hawakuwa na nyuso za kudanganya.

Ndipo simu yake ikalia.

Ililia kwa sauti yote iliyokuwa nayo. Ng'ombe mwekundu akaruka na kurusha mguu wa nyuma, na Mama Thacienne akakinyakua chombo kabla hakijapinduka. Mukundwa akaizima simu huku uso ukimwaka kwa aibu. Aliyepiga alikuwa karani wa chuo, akimkumbusha kwamba kamati haitamngoja mtu.

Mama Thacienne aliinuka polepole. Alimpapasa ng'ombe shingoni, akamwita jina lake, Gaju, mara kadhaa, kisha akamgeukia mgeni.

"Mama Inspekta, unaniuaka. Ni vile tu ule mupumbavu alifanya ile jioni. Ule alimwanga maziwa."

Mukundwa akamwomba radhi, kisha akamwuliza mpumbavu gani.

"Muchungaji wa ng'ambo. Tuko tunakamua, yeye anapiga filimbi. Anapiga, anapiga, kama mwenye kichaa. Gaju akarusha muguu, maziwa yote chini. Muchungaji gani anaita ng'ombe ku maji saa ya kukamua?"

"Ile jioni ni jioni gani, Mama?"

"Ile ya mutoto wa chuo," alisema Mama Thacienne, kama mtu anayetaja siku ya soko.

"Nilikuja hapa nikakuuliza kama ulisikia kitu."

"Uliniuliza kama nilisikia mwanamuke analia. Mwanamuke sikusikia. Nilisikia filimbi."

Wachungaji wa vilima vile huvaa filimbi za plastiki, zile za refa wa mpira, huzinunua soko la Mushaki, na kwa filimbi hizo huwaita ng'ombe majini. Mwanamke hapigi filimbi. Mukundwa mwenyewe alipokuwa mdogo alichapwa kofi la mdomo na shangazi yake kwa kupiga mluzi uani, akaambiwa hiyo ni kazi ya wanaume na ng'ombe wao. Basi filimbi ikilia malishoni, kila sikio la kilima kile husikia mchungaji, na hakuna anayeacha uji wake jikoni kwa ajili ya mchungaji. Wenye mpango walikwenda soko lile lile, wakanunua filimbi zile zile, wakawavisha wasichana. Na yeye, binti wa Muheto, alikuwa amezunguka siku zote hizo akiwauliza watu habari za kilio. Alijikasirikia, na alistahili.

Akauliza kilichotokea baada ya maziwa kumwagika. Mama Thacienne alisita. Katika nyumba yao, alieleza kwa sauti ya chini, maziwa yakimwagika hayatangazwi nje, maana ni kama kuitangaza bahati mbaya yako mwenyewe. Hukatwa majani mabichi, na kila aliye zizini wakati huo, awe mtoto wa nyumba au mgeni, huweka fungu lake juu ya pale palipomwagika. Hakuna anayepakanyaga mpaka kesho yake. Jioni ile walioweka walikuwa yeye, mume wake, na Bayingana.

"Na Asistanti?"

"Ule alikuja nyuma, giza linaanza kuingia. Anahema. Anataka maziwa ya chupa zake. Akapita katikati, akakanyaga majani na viatu yake ya bottes." Mama Thacienne alitema mate pembeni. "Nilinyamaza. Iko muntu wa masomo, alikulia Goma. Nikasema hajui."

Mukundwa akamwuliza kama habari ya maziwa yale alikuwa amempa mtu yeyote. Alisema hajampa hata dada yake. Mukundwa akamwomba aendelee kunyamaza mpaka jioni, ila akubali yasemwe itakapobidi, na Mama Thacienne akaitikia kwa kichwa. Mukundwa akampa mkono, akapanda pikipiki iliyokuwa ikimngoja barabarani. Watu wawili, Bayingana na Delphin, walisema walikuwa zizini wakati wa kukamua, na kila mmoja alikuwa akimtoa mwenzake. Sasa alikuwa na kitu cha kuwapimia.

Bayingana alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, jicho moja limevimba kwa vile vijana walivyompiga. Mukundwa aliwaambia askari wamtoe kasho, akamkalisha kwenye benchi na kumpa maji. Hakumtajia maziwa wala majani. Alimwambia tu amweleze jioni ile ilivyokwenda, tangu ng'ombe wanaingia zizini.

Kijana alianza kwa uchovu, maana alikuwa ameeleza mara nyingi na kila mara alikatizwa kwa kofi. Ng'ombe waliingia. Yeye alimfunga mweusi, mama akamkamata Gaju. Hapo akatazama vidole vyake.

"Kulikuwa na kitu ingine," alisema. "Lakini haisemwake."

"Sema. Mama Thacienne amekubali."

"Maziwa ilimwangika. Gaju alishtuka. Mama akakata majani, tukaweka. Papa, mama, na mimi."

"Nani mwingine?"

"Hakuna. Asistanti alikuja tumeisha kukamua."

"Gaju alishtushwa na nini?"

"Filimbi. Muchungaji mumoja alikuwa anapiga ku malisho ya chini. Anapiga sana, halafu ikakatika. Nilimutukana. Nilimutukana yeye na mama yake, juu ya maziwa ya Gaju."

Mukundwa alimwona kijana akitazama mbele, kisha akimgeukia taratibu, na akajua kwamba kijana ameelewa. Malisho ya chini ndiko ilikopita njia ya bwenini.

"Ilikuwa ule mutoto?" Bayingana aliuliza.

"Ndiyo."

Bayingana akainamisha kichwa, akalia. Hakuwa amelia alipopigwa, askari walisema baadaye, wala alipofungiwa. Mukundwa alimwacha alie. Filimbi waliyoikuta mfukoni mwake ilikuwa mezani pale, imefungwa kwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe, wakati Jeannette alisema yake ilikuwa na kamba ya kitenge cha kijani, kama za wasichana wote wa mpango. Mtu yeyote angeweza kuuliza kamba ilikuwa ya namna gani. Hakuna aliyejisumbua.

Kabla ya kuondoka alimtuma askari mmoja aende chuoni, kwenye banda la mazoezi, akachukue makoti yote ya mvua yaliyotundikwa pale. Kila moja litiwe katika mfuko wake na kufungwa, liandikwe jina la mwenye nalo. Kitu kingine ambacho Jeannette alikikumbuka kuhusu koti lile ni harufu. Lilinuka iode, dawa ya kupaka chuchu za ng'ombe baada ya kukamua. Wapelelezi wa mtaani walishangilia waliposikia hilo, wakasema si unaona, ni mtu wa ng'ombe. Lakini Mama Thacienne alipaka samli kama bibi yake alivyofanya, na zizi zima la Kanamugire halikuwa na tone la iode; iode ilikuwa ya banda la chuo.

Kamati ilikuwa imekwisha kukaa. Katikati ya meza ndefu alikuwa Papa Théophile, mkuu wa chuo, mtu mnene mwenye sauti ya upole, na pembeni yake walimu wawili wazee. Mama Uwizeye, aliyetoka Goma kuwafundisha wasichana mpango wa Turudi Wote, alikaa mwisho wa meza, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Asistanti Delphin alikaa karibu na dirisha, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Alikuwa kijana wa sura nzuri, wa kutamka maneno polepole, na wasichana wengi walimwamini. Yeye ndiye aliyewafunga zile kamba za kijani shingoni siku filimbi zilipogawiwa.

Jeannette alikaa kwenye kiti kimoja kilichowekwa katikati ya chumba. Nyuma yake, karibu na ukuta, alikaa baba yake, Papa Dusabimana, mkulima wa maharage, kofia yake juu ya goti. Alikuwa ameacha viti vitatu vitupu kati yake na binti yake.

Papa Théophile alikuwa akieleza, bila ukali, kwamba chuo hakimchukii mtu. Mpango uligharimu jasho la watu wengi. Wasichana walipewa kila silaha ya kujitetea. Sasa mmoja anapokuja kusema aliitumia na hakuna aliyesikia, kilima kizima kimejaa watu, kamati ifanye nini?

Mukundwa akaomba ruhusa ya kuuliza swali, akapewa, ingawa kwa uso wa kutopenda. Hakuuliza habari za mwanamke.

"Papa Mkuu, ile jioni, saa ya kukamua, ulisikia filimbi ya mchungaji?"

Papa Théophile alikunja uso. "Wachungaji wanapigaka filimbi kila siku, Inspekta."

"Ile jioni."

Akafikiri. Alikuwa mtu mwema kwa namna yake, na alijitahidi kukumbuka. "Ndiyo. Nilikuwa ku telefone na watu wa Goma. Mumoja alipiga filimbi sana, hatusikilizane na ule muntu ya Goma. Nikafunga dirisha."

Mukundwa akamgeukia mwalimu wa kwanza. Naye alisikia. Alikuwa akinyoa ndevu nje ya nyumba yake, akasema moyoni kwamba wachungaji wa siku hizi hawana adabu, wanapiga filimbi saa ya kukamua. Mwalimu wa pili alisikia pia, yeye na mke wake, na mke wake alicheka. Mpishi wa chuo, aliyekuwa ameleta chai, aliulizwa akiwa na birika mkononi. Alisema alisikia, na kwamba ilidumu, kisha ikakatika ghafla.

Mama Uwizeye ndiye aliyefahamu kwanza. Aliweka kiganja mdomoni, akakitoa, akasema kwa sauti isiyofika mbali kwamba filimbi zile alizinunua yeye mwenyewe soko la Mushaki, kwa mama mmoja anayeuza kamba na kengele za ng'ombe. Birika lilikuwa bado mkononi mwa mpishi.

Jeannette alikuwa amenyanyua kichwa. Aliwatazama mmoja mmoja, mkuu, mwalimu, mwalimu mwingine, mpishi, kama mtu anayehesabu watu wa nyumbani kwake.

"Mulinisikia," alisema.

Hakupaza sauti.

Mukundwa hakuwapa nafasi ya kupoa. Alimgeukia mtu wa dirishani. "Na wewe, Asistanti?"

Delphin alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Mimi hapana. Kusema ukweli, sikusikia filimbi yoyote."

"Hata ya mchungaji?"

"Hata ya mchungaji. Kulikuwa kimya."

"Ulikuwa wapi?"

"Nimeshaeleza. Kwa Papa Kanamugire, tangu wanaanza kukamua mpaka wamemaliza."

"Zizi la Papa Kanamugire liko juu tu ya ile njia. Mkuu alikuwa mbali kuliko wewe, akafunga dirisha. Wewe uliyekuwa karibu hukusikia."

"Labda nilikuwa na kazi. Nilikuwa napima maziwa."

"Labda," alisema Mukundwa. "Hebu nieleze kukamua kwenyewe kulikuwaje. Kuna kitu kilitokea?"

"Hakuna. Walikamua kama kawaida. Wakanipa maziwa yangu, nikaenda."

"Hakuna kitu kabisa? Fikiri vizuri, usijibu haraka."

Delphin alifikiri. Alionekana kweli anafikiri, na Mukundwa alimwangalia macho yake yakipita juu ya nyuso za watu kutafuta mahali pa kushika. "Kabisa," alisema mwishowe. "Kilichokosekana ni Bayingana tu."

Mukundwa akaifungua habari ya maziwa mbele ya wote. Alieleza juu ya Gaju aliyeshtushwa na filimbi, chombo kilichopinduka, majani mabichi, na fungu ambalo kila aliyekuwepo alilazimika kuweka. Alieleza kwamba Bayingana, aliyekuwa kasho bila kupata kusema na mtu wa nyumba ile, alimweleza yote hayo bila kudokezwa. Walimu wale wawili wazee, watu wa ng'ombe wote, walikuwa wakiitikia kwa vichwa. Hawakuhitaji kufafanuliwa. Mtu anaweza kusahau siku ya harusi yake, lakini aliyekuwa zizini maziwa yakimwagika hawezi kusema jioni ilikuwa ya kawaida.

"Wote waliosikia filimbi walisikia mchungaji," alisema Mukundwa, "na kwa kuwa ni mchungaji tu, hawakuona sababu ya kuificha. Mtu mmoja peke yake anakana. Huyo alijua kwamba haikuwa ya mchungaji."

"Nimekumbuka," Delphin alisema haraka. "Kweli, kulikuwa na maziwa kidogo yalimwagika. Kidogo tu. Ndiyo maana nilisahau."

"Uliweka majani upande gani?"

Delphin alitazama nje, ambako ukungu ulikuwa umeinuka na ng'ombe walikuwa wameshuka malisho ya chini.

"Hukuweka," Mukundwa alimwambia. "Uliyakanyaga, ukiingia na kuhema. Mama Thacienne alikuona, akakusamehe kwa sababu alidhani hujui." Kisha akamgeukia msichana, na sauti yake ikashuka. "Jeannette, utajibu ukitaka. Ile jioni, nani alikuambia ubaki kuosha chupa?"

Jeannette alikuwa amekwisha kumtazama Delphin.

"Ni yeye," alisema. "Aliniambia nibaki. Alisema niko muaminifu. Na ule muntu hakusema kitu hata moja. Nilikuwa najiuliza juu ya nini hasemi. Ni juu ningejua sauti yake."

Delphin akaanza kusema kwamba huo ni uchawi wa kijiji, kwamba mtu hawezi kufungwa kwa majani na ng'ombe, kwamba ataita wakili kutoka Goma. Mukundwa alimwambia wakili ni haki yake. Akamwambia pia kwamba koti lake la mvua lilikuwa limekwisha kufungwa na kupelekwa, na kwamba watu wa maabara hawajali majani. Askari aliyekuwa mlangoni akamfunga pingu, akamtoa nje.

Papa Théophile alikuwa ameikazia macho meza. Mama Uwizeye alilia waziwazi, akisema kwamba aliwafundisha wasichana kila kitu, kila kitu, na hakumfundisha hata mtu mmoja wa kilima hiki kusikia. Mukundwa hakumfariji. Alimkasirikia kidogo, akawakasirikia wote waliokuwa mle ndani, na nafsi yake zaidi.

Ndipo filimbi ikalia.

Ilitoka malisho ya chini, kali, ndefu, mara moja, kisha tena. Kila mtu aliisikia. Ilikuwa saa ya kunywesha ng'ombe, na mahali ilikotoka, kupitia dirisha, ungeweza kuona migongo ya ng'ombe ikishuka kijitoni. Hapakuwa na sababu yoyote ya kudhani kwamba ni kitu kingine.

Papa Dusabimana ndiye aliyeinuka kwanza. Kofia yake ilianguka na hakuiokota. Alipita viti vile vitatu vitupu, akampita binti yake akimgusa bega kwa mkono wake mpana wa jembe, akatoka mlangoni mbio, mzee yule, kuelekea malishoni. Mpishi akaweka birika chini akamfuata. Kisha walimu wakatoka, kisha mkuu mwenyewe, unene wake wote, akishika suruali ili asijikwae kwenye majani.

Mukundwa alibaki na Jeannette dirishani. Waliwaona wakifika kijitoni, wakimzunguka mchungaji aliyeshtuka, filimbi ingali mdomoni, asijue amekosa nini. Waliwaona wakisimama pale, wakihema, wakitazamana.

"Ni muchungaji tu," alisema Jeannette.

"Ndiyo, mwanangu."

Msichana aliegemeza paji la uso kwenye kioo. Kule chini baba yake alikuwa bado hajageuka. Alikuwa akizunguka kijito, akiinama, akipekua majani marefu kwa mikono yake, upande huu na upande ule, kama anayemtafuta mtu.